Nani Alipe Dawa ya Kupe? Walakini katika Ushauri wa Kuzuia Homa ya Krimea-Kongo

Ukitafuta namna ya kujikinga na homa ya Krimea-Kongo, utapata ushauri ule ule karibu kila mahali, kuanzia Shirika la Afya Duniani (WHO) mpaka mabango ya wizara. Vaa nguo ndefu za rangi nyepesi ili kupe aonekane. Jikague mwili ukitoka malishoni. Vaa glavu unapochinja. Mnyama apewe dawa ya kupe wiki mbili kabla ya kufika machinjioni. Usimguse mgonjwa bila kinga. Nawa mikono.

Hakuna cha uongo hapo. Mimi nasomea epidemiolojia ya magonjwa yanayotoka kwa wanyama, na ukiufuatilia ushauri huu kipengele kwa kipengele unakuta kila kimoja kina sababu ya kisayansi inayoeleweka. Lakini kuna maswali mawili ambayo haujibu: nani alipe, na kwa nini akubali kulipa? Ukiyaweka maswali hayo mezani, ushauri wote unaanza kuyumba. Biolojia yake ni nzuri, uchumi wake ni mbovu, na wanaobeba gharama ya ubovu huo ni watu wasiokuwepo ushauri ulipoandikwa: mchunga ng'ombe, mchinjaji wa kibarua, muuguzi wa zamu ya usiku.

Ngoja nieleze kwa nini nasema hivyo. Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana wengi wetu tunausikia kwa mbali tu.

Ugonjwa wenye majina mawili

Mwaka 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikielekea ukingoni, askari wa Kisovieti waliokuwa wakiwasaidia wakulima kuvuna katika rasi ya Krimea walianza kuugua homa kali na kutokwa na damu. Wagonjwa walifika kama 200. Maelezo yanayotajwa sana ni haya: wakati wa vita mashamba yaliachwa, sungura pori hawakuwindwa wakazaliana, na kupe wakazaliana pamoja nao. Watu waliporudi shambani walikuta kupe wanawangoja. Kikosi cha mwanasayansi Mikhail Chumakov kilionyesha kwamba chanzo ni virusi na kwamba kupe ndio wanaovisambaza.

Miaka kumi na kitu baadaye, mwaka 1956, virusi vilipatikana katika damu ya mtoto wa miaka 13 huko Stanleyville, Kongo ya Wabelgiji, mji ambao leo ni Kisangani. Watafiti wa maabara ya virusi ya Entebbe, Uganda, walivichunguza, na mwaka 1967 maelezo ya "virusi vya Kongo" yakachapishwa katika jarida la East African Medical Journal. Mwaka 1969 Jordi Casals akaonyesha kwamba virusi vya Krimea na virusi vya Kongo ni kitu kimoja. Ndiyo maana jina ni refu hivyo.

Kwa hiyo nusu ya historia ya ugonjwa huu iliandikwa hapa kwetu, Kisangani na Entebbe. Kenya iliandika mgonjwa wake wa kwanza kuthibitishwa mwaka 2000, magharibi mwa nchi, naye alifariki. Uganda imekuwa ikigundua wagonjwa mara kwa mara tangu mwaka 2013. Ukivuka bahari, Oman na nchi nyingine za Ghuba zinaujua vizuri. Kwa ujumla unapatikana Afrika, Balkani, Mashariki ya Kati na Asia, na mwaka 2016 Hispania ilipata kifo chake cha kwanza cha mtu aliyeambukizwa ndani ya nchi hiyo: mwanamume aliyeumwa na kupe katika mkoa wa Ávila. Muuguzi aliyemhudumia Madrid naye akaambukizwa, ila alipona.

Dalili huanza ghafla: homa, kichwa, mgongo, misuli, kutapika. Siku chache za mwanzo huwezi kuutofautisha na malaria kwa macho. Baadaye, kwa wale wanaozidiwa, damu inaanza kutoka: puani, kwenye fizi, chini ya ngozi, tumboni. WHO inasema katika milipuko hufa kati ya asilimia 10 na 40 ya wagonjwa.

Ng'ombe haumwi, na hapo ndipo kazi ilipo

Kupe anayehusika zaidi ni wa jenasi ya Hyalomma. Ukimwona mara moja humsahau: miguu mirefu yenye pete za rangi nyepesi, na mwendo wa haraka. Kupe wengine hukaa kwenye jani wakingoja mnyama apite, huyu huweza kutoka mafichoni na kumkimbilia. Akiwa mchanga hunyonya damu ya ndege, sungura pori na kalunguyeye. Akikomaa huhamia kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia. Akishapata virusi hukaa navyo maisha yake yote, na kupe jike anaweza kuvirithisha kwa mayai yake. Maana yake ni kwamba hata ukimtibu kila binadamu leo, virusi vitabaki porini vikizunguka bila kutuhitaji sisi kabisa.

Sasa njoo kwa ng'ombe. Ng'ombe akiumwa na kupe mwenye virusi, virusi huingia kwenye damu yake na kukaa kwa takriban wiki moja, kisha kinga ya mwili wake huviondoa. Katika wiki hiyo haumwi chochote. Anakula, anacheua, anatoa maziwa. Daktari wa mifugo akimkagua kwa macho kabla ya kuchinjwa atampitisha, na atakuwa hajakosea kwa lolote analoweza kuliona.

Hii ndiyo tofauti kubwa na magonjwa mengine ya mifugo tuliyozoea. Ndigana kali huua ndama, kwa hiyo mfugaji anajitafutia mwenyewe dawa ya kuogeshea, hata kwa kukopa. Homa ya Bonde la Ufa huleta mimba kuharibika zizini, na mfugaji anapiga simu. Homa ya Krimea-Kongo haimgusi mfugaji mfukoni. Unamwambia anunue dawa kwa ajili ya ugonjwa ambao ng'ombe wake hawatauugua, ili mtu asiyemjua, kwenye machinjio ya mji asiowahi kufika, asiambukizwe. Atakuitikia kwa heshima, atakukaribisha chai, na dawa hatanunua. Hapo huwezi kusema hana elimu. Amepiga hesabu, na hesabu yake iko sawa.

Wiki mbili za kwenye karatasi

Kipengele ninachotaka tukikazie macho ni kile cha dawa wiki mbili kabla ya kuchinja. Mantiki yake ni safi. Mtoe mnyama kupe wote, mtenge mahali pasipo na kupe, kisha ngoja. Kama alikuwa na virusi, vitakuwa vimeisha kwenye damu kabla kisu hakijamfikia. Kama hakuwa navyo, hatavipata tena.

Na sheria hii imewahi kufanya kazi. Mwaka 1996 wafanyakazi 17 wa machinjio ya mbuni katika eneo la Oudtshoorn, Afrika Kusini, waliambukizwa. Ndiyo, mbuni, yule ndege mkubwa. Baada ya hapo utaratibu ukawekwa: mbuni watolewe kupe na watengwe kwa siku 14 kabla ya kuchinjwa. Uliwezekana kwa sababu nyama ile ilikuwa ikiuzwa Ulaya, na Ulaya ilisema bila siku 14 haipokei. Mwenye shamba alikuwa na mazizi ya kutengea, alikuwa na mnunuzi mwenye masharti, na gharama ya kungoja aliweza kuiingiza kwenye bei.

Sasa chukua sheria hiyo hiyo uipeleke kwenye mnada wetu wa mifugo. Mfanyabiashara ananunua ng'ombe kumi na wawili kutoka kwa wafugaji saba tofauti, anawapakia kwenye lori jioni, na alfajiri wako machinjioni. Akiwaweka wiki mbili atalipa malisho, maji, mlinzi na eneo, na ng'ombe watapungua uzito. Jirani yake asiyengoja atauza nyama kwa bei ya chini. Hakuna mnunuzi kwenye bucha anayeuliza, "Hii imetengwa siku 14?" Tunauliza kama ina mfupa mwingi.

Tena biashara yenyewe inaongeza hatari kwa njia ambayo ushauri haiutaji kabisa. Katika maeneo yenye kupe wengi, mifugo mingi huambukizwa ikiwa bado michanga na kupata kinga mapema, ng'ombe mzima huwa ameshamaliza zamu yake. Hatari inakuja unapomchukua mnyama ambaye hajawahi kukutana na virusi, ukampitisha au ukamlaza katika eneo lenye kupe, kisha ukamchinja siku chache baadaye. Yaani safari, mnada na zizi la kungojea vinaweza kuwa ndiyo mahali anapoambukizwa. Hapo glavu za mchinjaji ni ukuta wa mwisho, na kuta nyingine zote hazikujengwa.

Kuna kitu kingine. Kizazi cha wazazi wetu kinakumbuka majosho ya serikali. Ng'ombe waliogeshwa kwa ratiba, dawa ilitoka serikalini. Kuanzia miaka ya 1980 na 1990, mageuzi ya kiuchumi yalipobana matumizi ya serikali, huduma nyingi za mifugo Afrika Mashariki ziliachiwa watu binafsi, na majosho mengi yakakauka. Leo mfugaji hununua dawa dukani, huichanganya kwa makadirio, hunyunyiza kwa bomba la mgongoni, na pale dawa inapokuwa hafifu kupe huzoea. Uganda usugu wa kupe dhidi ya dawa umeshaandikwa sana na watafiti. Kwa hiyo ule mstari mmoja wa ushauri, "tumia dawa ya kupe", unategemea mfumo ambao tuliubomoa wenyewe, na bango halisemi hivyo.

Iraki 2022: josho likisimama

Kama unadhani ninakuza mambo, tazama Iraki. Kati ya Januari na tarehe 22 Mei 2022, nchi hiyo iliripoti kwa WHO wagonjwa 212, waliothibitishwa na walioshukiwa, na vifo 27. Karibu nusu walitoka katika mkoa mmoja wa kusini, Dhi Qar, eneo la wafugaji. Ugonjwa haukuwa mgeni, Iraki inaujua tangu mwaka 1979. Kilichobadilika, miongoni mwa sababu zilizotajwa, ni kwamba kampeni za kunyunyizia mifugo dawa hazikufanyika mwaka 2020 na 2021 kwa sababu ya janga la UVIKO-19.

Vyombo vya habari vya kimataifa viliuita "homa ya kutokwa na damu puani", na picha zilizosambaa zilikuwa za watu waliovaa mavazi meupe ya kinga wakinyunyizia ng'ombe. Picha nzuri kwa gazeti. Lakini habari yenyewe ilikuwa miaka miwili nyuma, pale ambapo bajeti na watu walihamishwa na hakuna aliyepiga picha. Sisi tunaoandika sayansi kwa umma tuna sehemu yetu hapo. Tunaandika damu inapoanza kutoka, kisha tunamalizia makala kwa orodha ya "vaa glavu, nawa mikono", kana kwamba ugonjwa umeanza na mtu aliyesahau glavu.

Idi, mchinjaji, na lawama isiyo na msaada

Kila mwaka karibu na Idi ya Kuchinja, tahadhari hutolewa. Zina msingi. Wanyama wengi husafirishwa kwa muda mfupi, watu wasio na uzoefu hushika kisu, na kalenda ya Kiislamu ikirudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, Idi imekuwa ikiangukia majira ya joto ya nchi za kaskazini, wakati Hyalomma wanapokuwa wengi. Mwaka 2022 ilikuwa Julai, mwaka 2023 mwishoni mwa Juni. Idi ikisogea kuelekea miezi ya baridi, sehemu ya hatari hiyo itapungua yenyewe katika nchi hizo, na natabiri kuna mpango fulani utakaojipongeza kwa hilo.

Tatizo ni jinsi ujumbe unavyotolewa. Kumwambia mtu "usichinje nyumbani" kunahitaji sentensi ya pili: "uchinje pale." Miji mingi ya Ghuba inaelewa hili, manispaa huandaa machinjio yenye maji, wachinjaji na madaktari wa mifugo kwa siku za Idi. Mahali ambapo "pale" hapapo, au pana foleni ya siku mbili na ada isiyolipika, katazo hubaki kuwa lawama tu. Na ibada ya watu ikilaumiwa bila kupewa njia, watu huficha. Wakificha, mgonjwa wa kwanza hasemi alishika nini, na daktari hapati ule ufunguo aliouhitaji.

Hali ni hiyo hiyo kwa mchinjaji wa kila siku. Wengi hulipwa kwa kichwa cha ng'ombe. Glavu nyembamba za hospitali hupasuka kwenye mfupa wa kwanza, na glavu nene hufanya kisu kiteleze, akikatika vidole ni hasara yake. Anayeomba glavu ni yeye, anayepata faida ya nyama ni mwenye leseni. Kwa nini basi ujumbe umeelekezwa kwake? Kwa maoni yangu ni kwa sababu yeye ndiye rahisi kuambiwa. Hana wa kumjibia.

Ukuta wa hospitali

Ukiniuliza ni wapi shilingi moja ingeokoa watu wengi kwa haraka, nitasema hospitali. Historia ya ugonjwa huu imejaa wahudumu wa afya. Mwaka 1976 huko Rawalpindi, Pakistani, mchungaji mmoja wa mifugo alifika na maumivu ya tumbo na kutapika damu. Akapasuliwa, kwa sababu hakuna aliyewaza homa ya kupe. Akafa, na daktari aliyempasua akaambukizwa naye akafa. Mwaka 1979 katika Hospitali ya Rashid, Dubai, wahudumu watano waliambukizwa kutoka kwa mgonjwa mmoja, wawili wakafariki. Halafu Madrid 2016, niliyoitaja. Miaka arobaini imepita kati ya Rawalpindi na Madrid, na kosa ni lile lile: mgonjwa aliingia kwa mlango wa magonjwa ya kawaida.

Uturuki inatupa kipimo kizuri. Iliutambua ugonjwa huu mwaka 2002 katika eneo la Tokat na jirani zake. Mwaka 2008 ilipata wagonjwa zaidi ya 1,300. Mpaka leo kupe wako, virusi viko, na jumla ya wagonjwa ilishapita 10,000. Lakini kiwango cha vifo kimekuwa karibu asilimia 5. Kwa nini? Tuwe waangalifu hapa: nchi inayopima sana hukamata hata wagonjwa wa dalili ndogo, na hilo peke yake hushusha asilimia ya vifo. Hata hivyo kuna mambo yaliyofanywa kwa makusudi. Kuripoti kukawa lazima. Wauguzi na madaktari wa vijijini wakafundishwa kushuku mapema. Mgonjwa akapelekwa mahali penye maji ya mishipa, damu na chembe za kugandisha damu kabla hajazidiwa. Uturuki haikumshinda kupe. Ilihakikisha kwamba mtu aliyeumwa na kupe anaonana na mtu anayejua.

Jirani zetu Uganda wana somo linalofanana. Wamejenga ufuatiliaji wa homa za kutokwa na damu unaotegemea maabara ya Entebbe, ile ile ya mwaka 1967, na tangu hapo wanawaona wagonjwa. Kupe hawajui mpaka wa Mutukula, na ng'ombe huvuka. Ukiona nchi moja ina wagonjwa na ya jirani haina, swali la kwanza la epidemiolojia ni hili: yule jirani anapima?

"Hakuna dawa, hakuna chanjo"

Sentensi hii hutokea kwenye kila makala, na nina ugomvi nayo kutoka pande zote mbili.

Upande wa dawa, mambo hayako wazi kama inavyosemwa. Ribavirin imetumika kwa miongo kadhaa. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2018 ulikuta ushahidi ni mdogo na dhaifu kiasi kwamba hauwezi kusema dawa hii inasaidia au haisaidii. Jaribio pekee lililogawa wagonjwa kwa kura lilifanyika Uturuki na lilikuwa na wagonjwa 136 tu. Ugonjwa ulioua watu tangu mwaka 1944, na bado tuna jaribio moja dogo! Hilo ni jambo la kulalamikia kwa sauti. Lakini kumwambia mgonjwa "hakuna dawa" kunamfanya abaki nyumbani, wakati huduma ya kawaida ya hospitali, maji, damu na uangalizi wa karibu, ndiyo inayomvusha.

Upande wa chanjo, Bulgaria imekuwa ikitumia yake tangu miaka ya 1970, iliyotengenezwa kwa ubongo wa panya wachanga, bila jaribio la kisasa la kuonyesha inafanya kazi kiasi gani. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Oxford kilianza kujaribu chanjo mpya kwa binadamu kwa mara ya kwanza. Nafurahi. WHO iliuweka ugonjwa huu kwenye orodha ya magonjwa ya kipaumbele kwa utafiti mwaka 2015, na ni haki yake. Ila jiulize chanjo hiyo ikifika itamfikia nani. Mchunga ng'ombe wa pembezoni ambaye josho halikumfikia? Kibarua wa machinjio asiye na mkataba? Chanjo itapita kwenye njia zile zile zilizokwama, na ikikwama tutasema watu "wanasitasita".

Mtu atanipinga

Atasema: huu ni ugonjwa wa nadra. Malaria na kifua kikuu vinaua watu wengi mno kuliko huu. Unataka serikali yenye fedha kidogo ilipe dawa ya kupe kwa ajili ya wagonjwa wachache?

Pingamizi hili ni la haki, na ndiyo sababu sipendekezi mradi mpya wenye jina lake na magari yake. Napendekeza kuunganisha. Kuogesha ng'ombe tayari kuna faida kwa mfugaji kupitia ndigana kali na wenzake. Serikali ikichangia gharama, mfugaji analinda ndama na jamii inalinda mchinjaji kwa dawa ile ile. Kinachobaki ni kurekebisha ratiba na aina ya dawa ili Hyalomma naye aguswe, maana tabia zake si sawa na za kupe wa ndigana, na kuweka mahali pa kuogeshea kwenye minada mikubwa na njia za mifugo. Hospitalini vivyo hivyo. Muuguzi aliyefundishwa kuuliza "unafanya kazi gani, umegusa mnyama?" na mwenye glavu za kutosha atakamata pia Homa ya Bonde la Ufa, kimeta, na siku moja Ebola au Marburg.

Kinachozuia ni mambo ya ofisini. Gharama inaangukia wizara ya mifugo na faida inaonekana wizara ya afya. Kwenye semina tunasema "Afya Moja" na kupiga makofi, kisha kila mtu anarudi kwenye fungu lake la bajeti. Mpaka kuwe na fedha ambayo wizara mbili zinaitolea hesabu kwa pamoja, mstari wa "dawa wiki mbili kabla" utabaki wa kwenye karatasi.

Ningeandika nini badala yake

Siombi bango liondolewe. Mtu anayechunga leo jioni anahitaji kujua asimpasue kupe kwa vidole, na anayeuguza ndugu yake anahitaji kujua kuhusu damu. Naomba bango lipate upande wa pili, unaosomeka na mwenye madaraka. Mwenye leseni ya machinjio: glavu zinazofaa kazi, gambuti, maji na sabuni viwe sharti la leseni, kwa gharama yako. Halmashauri: josho la mnada lifanye kazi siku ya mnada. Mganga mkuu: sampuli ikichukuliwa hapa, inakwenda maabara gani, kwa gari gani, na majibu yanarudi baada ya siku ngapi? Watafiti, na mimi nikiwemo: tupime damu za wachinjaji na wachungaji, kwa ridhaa yao na kwa kuwarudishia majibu, maana wao ndio wa kwanza kutuonyesha kama virusi viko jirani.

Na tubadilishe namna ya kujipima. Ripoti nyingi za kampeni huhesabu vipeperushi vilivyogawiwa na watu "waliofikiwa". Mimi ningetaka namba tatu: asilimia ya wanyama wa mnada walioogeshwa kwa wakati, siku kati ya homa kuanza na mgonjwa kushukiwa, na idadi ya wahudumu wa afya walioambukizwa kazini. Hiyo ya tatu inatakiwa iwe sifuri. Sisemi ipungue, iwe sifuri, kwa sababu namna ya kuifikisha hapo tunaijua na haihitaji ugunduzi wowote mpya.

Msomaji, ukikutana na habari inayofuata ya "homa ya ajabu ya kupe", isome mpaka mwisho, pale kwenye orodha ya ushauri. Kwa kila kipengele jiulize: anayeambiwa hivi, ana uwezo wa kukifanya? Na kama hana, nani mwenye uwezo ambaye hakuambiwa chochote?